Uhandisi wa mitambo Mlimani

Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, masomo ya taaluma yaligawanywa: sheria ilikuwa Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Mtanzania aliyetaka kusomea mitambo alilazimika kuvuka mpaka. Chuo hicho kilipovunjika, pengo likaonekana wazi, maana viwanda kama kile cha nguo cha Urafiki, na reli ya TAZARA iliyokuwa ikijengwa, vilihitaji wahandisi wa nyumbani. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi, kikiwa na fani za ujenzi, mitambo na umeme.

Wajerumani walikuja na msimamo wao, nao ulikuwa wa busara: hesabu za joto na mwendo haziendi bila karakana. Mwanafunzi alisimama mbele ya jiliwa, tupa mkononi, akisawazisha kipande cha chuma mpaka vipimo vikubali. Likizo ikifika, alipelekwa kiwandani.

Wahitimu waliingia viwandani, kwenye shirika la umeme la TANESCO na kwenye reli. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulifunga baadhi ya milango hiyo. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004, ikafungua mingine.