Usiku Maji Yalipoingia Wodini

Saa tano usiku mvua ya masika ilikuwa imekolea, na hakuna aliyeshtuka; Tanga tumeizoea. Nilikuwa zamu katika hospitali moja ya mjini, mimi, muuguzi mwenzangu na mhudumu mmoja, wodi ya wazazi pamoja na chumba cha watoto njiti. Nyumbani Chumbageni nilikuwa nimewaacha wanangu na mama yao mdogo.

Saa saba simu ikaita. "Dada, maji yamefika kizingitini." Nikamwambia azime umeme kwenye swichi kuu, awapeleke watoto kwa jirani mwenye ghorofa, wala asinisubiri. Mipango mingi ya maafa hailisemi hili: muuguzi naye ana nyumba, na nyumba hiyo imo kwenye maji yale yale. Niliweza kurudi kwa wagonjwa kwa sababu mdogo wangu alijua la kufanya.

Saa tisa kasorobo umeme ukakatika. Jenereta likanguruma kidogo, likazima. Lilikuwa limewekwa chini kabisa, upande ambao maji hupita. Mashine ya oksijeni ikanyamaza. Mtungi wa akiba ulikuwepo, lakini spana ya kuufungulia ilikuwa stoo, stoo ina kufuli, na ufunguo anao mtu wa mchana. Mwenzangu alilivunja kufuli lile kwa stendi ya dripu.

Njiti walikuwa wanne. Mtoto mwenye uzito wa kilo moja na nusu akipoa, hali yake hubadilika upesi sana. Tukawaamsha mama zao, tukawavua watoto tukawaachia nepi, kofia na soksi, tukawalaza kifuani ngozi kwa ngozi, kisha tukawafunga kwa khanga, shingo ya mtoto imenyooka ili hewa ipite. Binti mmoja, mzazi wa mara ya kwanza, mikono ilimtetemeka.

"Sista, akiteleza je?"

"Hatelezi, mama. Nimekaza vizuri. Wewe kaa hivyo hivyo, umeegemea."

Hakuteleza. Wote wanne walikuwa na joto hadi kunapambazuka.

Saa kumi ndipo maji yalipoingia. Zilikuwa siku za bamvu, bahari inapojaa kupita siku nyingine, na pwani yetu bahari ya bamvu hujaa mnamo saa hizo. Mitaro ikakosa pa kumwaga, maji yakarudi nyuma na uchafu wa vyoo. Wavuvi wanazo siku hizo kichwani. Hospitali nazo zizibandike ukutani, kando ya tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana mvua kubwa na bamvu vikikutana, mji huu hauna pa kupumulia.

Tuliwahamisha kwanza waliopasuliwa, halafu wenye dripu. Dawa za rafu ya chini zililowa.

Saa moja asubuhi ni wakati wa kukabidhiana. Hatukuwa na wa kumkabidhi. Wenzetu wa mchana walikuwa ng'ambo ya maji. Tukaendelea hadi saa sita.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi ngazi za chini, na zinahitajika. Lakini saa tisa usiku kamati imelala. Aliye macho ni muuguzi wa zamu, kwa hiyo mpango uandikwe kwa ajili yake: ufunguo uko wapi, nani anategemea umeme, nani anabebwa kwanza. Na mazoezi yafanyike usiku, taa zimezimwa, kwa idadi ile ile ya watu wanaokuwepo usiku.

Mchana ule, kabla hatujaondoka, muuguzi kiongozi alitutaka tutenge chumba chenye mlango wake, ndoo za klorini, ORS na dripu za kutosha. Alikuwa kazini mwaka 1997, mwaka ulioishia kwa mvua za El Niño, ambapo Tanzania iliripoti wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000. Mgonjwa wa kwanza wa kuharisha aliletwa kesho yake jioni, akapokelewa moja kwa moja kwenye chumba kile.