Waliotupima Akili: Kutoka Mlima Elgon hadi Masaka

Mwaka 1925 Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uswisi, alishuka melini Mombasa akapanda treni ya Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 50 na jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma Ulaya. Alikuwa ameachana na mwalimu wake, Freud, na mwaka 1921 alikuwa ametoa kitabu kikubwa juu ya aina za haiba, akiwagawa watu kati ya wale ambao nguvu za nafsi yao huelekea ndani na wale ambao zao huelekea nje. Safari ilimfikisha Mlima Elgon, kwa jamii ya wafugaji aliowaita Waelgonyi. Asubuhi aliitisha shauri, wazee wakaketi, naye akazungumza nao kwa Kiswahili cha kubahatisha, kamusi mkononi.

Alichokitafuta ni ndoto. Kwa nadharia yake, chini ya fahamu ya kila mtu kuna tabaka la kale ambalo wanadamu wote wanalichangia, na ndoto ndiyo mlango wake. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa baada ya kifo chake, anaeleza jinsi mganga mmoja mzee alivyomjibu kwa machozi: zamani waganga waliota, wakajua kama vita au maradhi yanakuja, lakini tangu Wazungu waingie hakuna aotaye tena, kwa kuwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, anajua kila kitu. Jung aliona hapo msiba wa jamii iliyopoteza maana. Mimi naona pia jibu la kisiasa, lililotolewa na mtu aliyejua vizuri nani sasa anashika kodi, njia na bunduki. Lakini angalau mzee yule aliulizwa. Kwa miaka 30 iliyofuata, madaktari waliotoa hukumu juu ya akili ya Mwafrika hawakuona haja ya kumuuliza mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba fikra za haiba zililetwa na meli za Wazungu. Pwani yetu ilikuwa na tiba ya vitabu, iliyotoka kwa Galen wa Pergamon, ikapita kwa Ibn Sina, ikafika Lamu, Mombasa na Unguja pamoja na elimu nyingine za Kiislamu. Ndani yake mwili una maji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yakizidiana, mtu huwa mkali, mzito, mchangamfu au mwenye huzuni isiyoisha. Mazungumzo ya vyakula vya joto na vya baridi, ambayo bado yamo majikoni mwetu, ni masalia ya elimu hiyo. Kando yake kulikuwa na waganga wa pepo na ngoma zao, ambamo mgonjwa hakutibiwa peke yake; ndugu na majirani walikuwepo, na pepo mwenyewe aliulizwa jina, kabila na anachotaka.

Ukoloni ulileta jengo. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani waliokuwa na makao ya watoto waliokombolewa utumwani waliyageuza kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Nairobi ilipata hifadhi yake mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikaitwa Mathari. Mirembe ya Dodoma ikafuata mwaka 1927. Lengo la kwanza la nyumba hizi halikuwa kuponya. Zilikuwa za kumwondoa njiani mtu aliyesumbua, na aliyemleta mara nyingi alikuwa polisi.

Katika miaka ya 1930 Nairobi iligeuka maabara ya fikra za ubaguzi. Dk. H. L. Gordon, aliyehudumu Mathari, alidai kuwa elimu ya shule za Kizungu ingeweza kuvuruga akili za vijana wa Kiafrika. F. W. Vint alipima mabongo 100 ya marehemu wa Kenya akatangaza kuwa ni mepesi na gamba lake ni jembamba kuliko la Wazungu. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wakaunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari za binadamu. Wenye mabongo hayo walikuwa watu walioishi kwa njaa, malaria na kazi za suluba, mambo ambayo huacha alama zake mwilini, lakini hilo halikuwazuia wapimaji kusema kwamba wamepima mbari.

Aliyeipeleka hoja hii mbali zaidi ni John Colin Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini, akasomea udaktari London, akaja Kenya mwaka 1929 kama daktari wa kawaida wa serikali. Mwaka 1938 alikabidhiwa Mathari bila mafunzo yoyote maalumu ya magonjwa ya akili. Kutokana na Waafrika waliolazwa humo kati ya 1939 na 1943 aliandika makala iliyotoka mwaka 1947. Hitimisho lake lilikuwa kwamba wazimu ni haba kwa Mwafrika aishiye kikabila, na kwamba ugonjwa wa huzuni nzito, huu tunaouita sonona, ni nadra mno. Sababu aliyoiona ni kwamba Mwafrika hajilaumu, hana dhamiri ya ndani inayomsuta, bali hutawaliwa na desturi za kundi.

Tutulie hapa, maana makosa haya yaliishi muda mrefu vitabuni. Fikiria nani alifika Mathari. Ni yule aliyepiga watu, aliyetembea uchi sokoni, aliyewasha moto nyumba ya bwana. Mwanamke wa Murang'a au Machakos aliyeacha kula, akalala ameelekea ukutani, akalia usiku, hakumsumbua DC hata kidogo. Alibaki kwao, akauguzwa na mama na dada zake, akapelekwa kwa mganga, akapona au akafa. Carothers alihesabu waliopita katika lango la hospitali moja akadhani amehesabu nchi. Tena, aliye na sonona katika jamii zetu mara nyingi hulalamikia mwili: kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, tumbo linawaka, usingizi umepotea. Daktari asiyejua lugha ya mgonjwa, anayemsikia kupitia mtumishi wa wodi, huandika kichwa, huandika tumbo, kisha hutangaza kwamba huzuni haipo.

Mwaka 1951 Carothers alikwenda mbali zaidi, akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Upasuaji huo ulikuwa umempa Egas Moniz wa Ureno Tuzo ya Nobel miaka miwili tu kabla, na uliwaacha wagonjwa wengi wakiwa wapole, wazito, wasio na hamu ya jambo. Kwa maneno mengine, jamii nzima ilichukuliwa kuwa imezaliwa katika hali ambayo Ulaya iliifikia kwa kisu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, na muhuri wa Geneva ukayapa maneno hayo uzito ambao Mathari peke yake isingeweza kuyapa.

Kenya ilikuwa tayari katika hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali ilimwita Carothers aeleze saikolojia ya uasi wa Mau Mau, na ripoti yake ikatoka mwaka 1954. Aliwachora Wakikuyu kama watu wasiri, wa msituni, waliopasuka katikati ya mila na ustaarabu mpya, ambao viapo vya uasi huo viliwashika kwa sababu nafsi zao zilikuwa zimelegea. Ardhi iliyochukuliwa na walowezi haikupewa uzito unaostahili. Aliunga mkono kuwakusanya watu katika vijiji, na kwa kweli watu wapatao milioni moja walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa kwa bunduki. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa nadharia ya haiba kugeuzwa kuwa seng'enge.

Majibu yalitoka kwa Waafrika na watu wa asili ya Afrika waliosomea fani hiyohiyo. Frantz Fanon wa Martinique alianza kazi katika hospitali ya Blida, Algeria, mwaka 1953. Alianza kwa kukosea: aliwaletea wanaume Waislamu michezo na sherehe za kimagharibi, nao wakakaa kimya. Badala ya kuwalaumu, alichunguza alikokosea, akawafungulia mkahawa wa kwao na kuadhimisha sikukuu zao, na wodi ikachangamka. Kitabu chake cha mwaka 1961 kilimtaja Carothers waziwazi na kuonyesha kwamba ukali uliodaiwa kuwa maumbile ya mtawaliwa ulizaliwa na utawala wenyewe. Huko Nigeria, Thomas Adeoye Lambo alifungua huduma ya Aro mjini Abeokuta mwaka 1954. Wagonjwa walipanga katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, na waganga wa jadi walishirikishwa. Tanzania baada ya uhuru ilianzisha vijiji vya namna hiyo, kama Vikuruti karibu na Dar es Salaam.

Hata hivyo hoja ya sonona ilihitaji ushahidi wa nyumba kwa nyumba, na ulitoka Uganda. John Orley, aliyekuwa ameandika juu ya wagonjwa wa akili miongoni mwa Waganda, alishirikiana na John Wing wa London kuwahoji watu wa vijiji viwili kwa Kiganda, wakitumia maswali yaleyale yaliyotumika Camberwell, kusini mwa London. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1979, yalipindua vitabu: sonona ilikuwa nyingi zaidi katika vijiji vile vya Uganda kuliko Camberwell. Tena wagonjwa walikuwa na hisia za hatia na kujilaumu, zile zilizosemwa kuwa Mwafrika hana.

Wilaya za Masaka na Rakai, zilizopigwa vibaya na UKIMWI, zilikuja kuonyesha hatua iliyofuata. Watafiti waliwauliza kwanza wenyeji wenyewe wanaziita nini shida za moyo na wanazitambuaje, wakakuta maelezo yao yanakaribiana sana na sonona ya madaktari. Kisha vijiji 30 viligawanywa kwa kura, 15 vya kuwachunguza wanaume na 15 vya kuwachunguza wanawake. Katika nusu ya vijiji hivyo watu walikutana kwa makundi kila wiki kwa saa moja na nusu, wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wa jinsia yao waliopewa mafunzo mafupi, bila dawa. Walizungumza misiba, ugomvi wa nyumbani na maisha yaliyobadilika ghafla. Mwaka 2003 matokeo yalipotoka, sonona ilikuwa imepungua mno katika makundi hayo kuliko katika vijiji vilivyobaki na huduma za kawaida. Na baada ya utafiti kumalizika, makundi mengi yaliendelea kukutana bila kuitwa na mtu.