Mipaka ya Nchi na Mipaka ya Sampuli: Bei za Mahindi Tororo na Busia

Je, mpaka wa Uganda na Kenya hutenganisha masoko ya mahindi? Kwa mkulima wa Kisoko, wilayani Tororo, swali hili si la darasani tu. Jibu lake linaonyesha kama uhaba wa mahindi upande wa Kenya utapandisha bei ya gunia lake.

Wanauchumi hulijibu kwa jaribio la kointegresheni, ambalo Engle na Granger walilieleza katika makala yao ya 1987. Jaribio hili huchunguza kama bei mbili zinazopanda na kushuka hurudi kukaribiana baada ya muda, au huachana kabisa.

Tatizo kubwa ni kipindi. Tuseme mtafiti anapima Tororo na Mbale kuanzia 1990, kisha Tororo na Busia ya Kenya kuanzia 2005. Akipata majibu tofauti, hawezi kuulaumu mpaka. Kenya ililegeza biashara ya mahindi mwishoni mwa 1993, na Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005. Jozi ya kwanza imebeba historia ambayo ya pili haina.

Programu ya takwimu nayo inaweza kuficha kosa hilo. Kwa data ya miezi 120, modeli inayotumia bei za mwezi 1 uliotangulia hubakiwa na miezi 119. Inayotumia miezi 4 hubakiwa na 116. Programu hukata mwanzo yenyewe, na mtafiti hulinganisha visivyolingana. Dawa ni kuzianza modeli zote mwezi wa 5.

Kurefusha kipindi bila kufikiri nako si suluhisho. Katika miaka ya 1970 magendo yalishamiri mpakani, hivyo bei rasmi haikuwa bei iliyolipwa. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977. Mei 1987 Uganda ilibadilisha shilingi 100 za zamani kuwa 1 mpya.

Kwa hiyo, mwanzo na mwisho wa sampuli vichaguliwe kabla ya kuona matokeo, viwe sawa kwa majaribio yote, na sababu yake ya kihistoria iandikwe. Vinginevyo tutauhukumu mpaka kwa kosa la kalenda yetu.