Nilikuwa Nauza Utepe

Mwaka 1988 mpiga gitaa mmoja alikuja kwenye meza yangu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kununua wimbo wake mwenyewe. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo, maana Jumapili iliyotangulia nilisimama hatua tatu kutoka jukwaani nikivikodolea macho vidole vyake. Akauliza kama ninao ule wimbo wa bendi yao uliokuwa ukivuma redioni. Nikamwambia ninao.

"Basi nirekodie, mdogo wangu. Mama kule kijijini kila akifungua redio anakuta umeshapita."

Nikamrekodia. Kanda ya TDK ya dakika 60, upande mmoja bendi yao, upande wa pili nikamtilia taarabu kwa ajili ya mama. Alipouliza bei nilimtajia ileile niliyomtajia kila mtu. Akalipa, akashukuru, akazama kwenye msongamano wa Kariakoo. Nilikuwa na miaka 22, na wala halikunipitia kichwani kwamba pale mezani limetokea jambo la ajabu.

Nimekuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kulifikiria. Siku hizi nikiwasikia vijana wakilia kwamba mtandao umeufanya muziki kuwa wa bure, huwa nanyamaza kidogo. Nimekula kutokana na nyimbo za watu tangu enzi za kanda hadi za memori kadi, na ninavyokumbuka, wimbo hapa kwetu ulikuwa wa bure muda mrefu kabla ya mtandao. Pesa ilikuwa kwenye chombo kilichoubeba.

Hata santuri ilikuwa hivyo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zake zikauzwa pwani yote. Lakini mwenye santuri mtaani alikuwa mmoja, na waliosikiliza kibarazani kwake hawana hesabu. Aliyelipa alilipia sahani na sindano. Wengine walilipa kwa kukaa kimya mpaka wimbo uishe.

Kisha ikaja redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa Barabara ya Pugu, hii tunayoiita leo Barabara ya Nyerere, na kwa bendi nyingi studio ilikuwa ile tu. Wanamuziki waliingia na vyombo vyao wakapiga wimbo mzima kwa mkupuo, waimbaji na tarumbeta kwa pamoja, na utepe ukabaki kwenye rafu za redio. Kiwanda cha kuchapa sahani nchini hatukuwa nacho. Sahani zilitoka Nairobi. Mbaraka Mwinshehe alijulikana nchi nzima na nje yake kwa sahani za Kenya, na ni huko huko, Mombasa, ajali ya gari ilikomchukua Januari 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Miaka yote hiyo bendi ya Dar ilipotaka kusikika ilikwenda Barabara ya Pugu. Malipo ya kurekodi yalikuwa madogo, na wimbo ukipigwa mara elfu hakuna aliyezihesabu hizo mara elfu.

Basi wale watu walikula nini? Walikula mshahara na kiingilio. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Ndiyo baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Shirika la mabasi lilikuwa na UDA Jazz, shirika la bima lilikuwa na Bima Lee, JKT walikuwa na Kimulimuli, na polisi walikuwa na yao. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilikuwa na Urafiki Jazz, na kazi mojawapo ya bendi ile ilikuwa kuzitangaza nguo za kiwanda. Nikimwona msanii wa leo amevaa fulana ya kampuni ya simu, nawakumbuka Urafiki.

Kwa hiyo wimbo wa redioni ulikuwa mwaliko. Ulitolewa bure wiki nzima ili Jumapili watu waje ukumbi wa DDC Kariakoo kuiona bendi ya Sikinde, au waende kwa wapinzani wao Msondo, na pale mlangoni ndipo mkono ulipoingia mfukoni.

Mimi niliingia katikati ya redio na ule mlango.

Mjomba wangu alikuwa fundi redio. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, kumiliki hata betri za ziada kulitia watu hofu. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, halafu Rais Mwinyi akaja na ruksa yake, na mjini zikamwagika redio kaseti. Mjomba aliletewa ya deki mbili na ndugu aliyetoka Maskati. Hatukuilaza dukani. Usiku ililala kitandani, na mjomba akalala chini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kipindi cha Club Raha Leo Show kikikaribia, unatia kanda tupu, unabonyeza kitufe cha kusimamisha, unabonyeza vile viwili vya kurekodi kwa pamoja, halafu unasubiri na kidole juu ya kile cha kwanza, umeshika pumzi. Mtangazaji anasema jina la bendi. Unaachia. Ukiachia mapema unachukua sauti ya mtangazaji, ukichelewa gitaa la mwanzo limekwenda. Mwishoni ndiyo balaa, maana watangazaji walipenda kuanza kuzungumza wimbo haujaisha. Nina hakika ziko nyumba nchi hii ambamo wimbo fulani wa Sikinde hauishi mpaka mtu aseme saa.

Kanda uliyoipenda uliivunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni, isirekodiwe tena. Ukibadili nia unaziba tundu kwa kipande cha karatasi. Kurudisha nyuma tulitumia biro, kuokoa betri. Kutoka kanda mama tunatoa kopi, kutoka kopi kopi nyingine. Ya kwanza ilisikika kama redio. Ya nne ilisikika kama mvua juu ya bati, na humo ndani ya mvua kuna mtu anaimba.

Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966. Kwenye meza yangu haikuwahi kufika. Na mtu angeniuliza nauza nini ningejibu bila kupepesa: nauza utepe. Mteja aliuliza bei ya kanda, akaongeza ya kurekodi. Wimbo haukuwa na bei kwa sababu ulikuwa hewani, na hewa si ya mtu. Wazee wa muziki husimulia kwamba Marijani Rajab, Jabali la Muziki mwenyewe, kabla hajafariki mwaka 1995 alikuwa akiuza kanda kwenye kibanda karibu na nyumbani kwake. Niliposikia nilihesabu kwa kichwa ni kopi ngapi za "Zuwena" zilizopita mikononi mwangu. Sikufika mwisho wa hesabu.

Sehemu moja tu niliona watu wakiulipa wimbo wenyewe: kwenye taarabu. Mstari ukimchoma mtu, anainuka, anacheza taratibu mpaka jukwaani, na noti anampa mwimbaji mkononi, mbele ya macho ya wote. Kumtunza, ndivyo tunavyosema. Hakuna bei, hakuna risiti. Kila mtu anajua nani katoa na kwa mstari upi, hasa yule uliyemlenga.

Miaka ya tisini mambo yakageuka. Sheria ya mwaka 1993 ilifungua milango ya redio za watu binafsi, Radio One ikaanza 1994, na zikafuata nyingine. Saleh Jabri alikwisha kurapu kwa Kiswahili tangu 1991, na nyuma yake likaja kundi zima la vijana wa Bongo Flava. Vijana hawa walirekodi kwenye studio za kompyuta bila bendi, na bila bendi maana yake bila mwajiri. Mshahara wa chama cha wafanyakazi haukuwahusu. Wimbo waliutoa bure redioni kama wakubwa wao walivyofanya, na mara nyingine walilazimika kuusindikiza na chochote kwa mtangazaji. Tegemeo lao likawa albamu. Walipeleka masta kwa msambazaji Kariakoo, wakapewa kitita mara moja, na tangu hapo idadi ya kanda zilizochapwa aliijua msambazaji na Mungu wake.

Serikali ikatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya 1999, na chini yake ikazaliwa COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki. Zikaja stika za Hakigram za kubandika kwenye kazi halali. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA. Sina ubishi na nia yao. Ila stempu ya TRA ilifika wakati tunaondoa kanda za mwisho rafuni, na CD nazo zilikuwa zinaumwa. Walikuwa wanapiga muhuri jeneza.

Mimi nilikwisha hama chombo. Kwanza nilichoma CD: nyimbo 150 za MP3 kwenye sahani moja, kwa bei ambayo zamani ulipata kumi na mbili. Hapo albamu ikafa, maana nani atanunua ya msanii mmoja? Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulizinduliwa, intaneti ikaanza kushuka bei, na simu za Kichina zenye spika za kutikisa daladala zikajaa mjini. Kazi mpya ikaitwa kujaza memori. Mteja anakuja na kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Unaichomeka kwenye kompyuta, unauliza: dansi, Bongo Flava, kwaya au mchanganyiko? Dakika tano anaondoka na nyimbo ambazo mjomba angezirekodi mwaka mzima. Na kopi ya elfu ni sawa na ya kwanza. Mvua juu ya bati ilikoma.

Siku moja mwaka 2011 alikuja kijana kutoka Tandika, mwembamba, ameshika flashi kwa mikono miwili kama ameshika yai.

"Shikamoo, anko. Naomba kila anayejaza umwekee na huu."

"Wa nani?"

"Wangu."

Akaweka shilingi 2,000 mezani.

Nilimtazama nikamwona yule mpiga gitaa. Yule wa kwanza alinilipa apate wimbo wake. Huyu wa pili ananilipa niutoe wimbo wake bure. Kati yao miaka 23, meza ileile, na fedha inatembea upande uleule. Ningependa kuandika kwamba nilimrudishia elfu mbili yake. Niliipokea. Wimbo nao nikauweka kwenye kila kadi kwa mwezi mzima, kama tulivyoahidiana. Ulikuwa mzuri, na yeye sikumwona tena.

Aliyekuja kunifilisi hakuwa polisi wala COSOTA. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia, na wateja wangu wengi walikuwa wa simu hizo. Waliorudi walirudi na simu za kugusa, na kwenye simu hizo wimbo hauna haja ya kujazwa. Unanunua bando unausikiliza. Yaani bando ndiyo TDK ya sasa: wimbo bure, utepe kwa fedha, ila mwenye utepe sasa hakai Mtaa wa Kongo.

Na wasanii wamefanya walichofanya NUTA Jazz. Wameachia nyimbo hewani na kusimama mlangoni. Diamond Platnumz alipofikisha watazamaji bilioni moja YouTube mwaka 2020 tulishangilia sote, lakini kila mtazamo hulipa chembe, na kiasi chake hutegemea matangazo. Fedha ya kueleweka hutoka kwenye shoo na kwenye mikataba ya kutangaza bidhaa. Miito ya simu nayo iliingiza, japo wasanii wamelalamika sana kuhusu fungu linalowafikia. Na siku hizi serikali imeanzisha tozo ya hakimiliki, asilimia 1.5 ya thamani ya vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Hatimaye kuna mtu amegundua kwamba fedha ilikuwa kwenye utepe. Kama ingekuwapo mwaka 1988, mjomba angelia, na yule mpiga gitaa pengine angepata nauli.

Mwaka 2013 Muhidin Gurumo, aliyeanza kuimba kabla sijazaliwa, alipostaafu alisema kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki gari. Diamond akampa gari. Watu waliona ukarimu wa kijana. Mimi niliona taarabu: mtu ameguswa na mstari, akainuka, akaenda mpaka jukwaani na noti yake. Gurumo alifariki mwaka uliofuata.

Kompyuta niliiuza. Meza anayo kijana anayebandika vioo vya simu. Jumapili zikiniruhusu nakwenda kwenye dansi, na mlangoni kuna mtoto wa mtu ninayemfahamu. Kila mara husogea pembeni na kuniambia, "Pita tu, mzee wangu."

Kila mara nasimama hapo mpaka anikatie tiketi.