Daftari la Mwalimu

Katika kwaya hii ukisema "Mwalimu" bila kutaja jina, hakuna anayeuliza ni yupi. Kamati imeniomba niandike historia ya uimbaji wetu katika miaka hii 25, nami sioni namna ya kuiandika bila kuanzia kwake.

Nilimjua kazini kwanza, kanisani baadaye. Nilipofika shuleni na diploma yangu mpya, yeye alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Wiki ya kwanza alisoma andalio langu la somo, akalirudisha bila alama yoyote ya kalamu nyekundu. Akaniuliza tu, "Sasa hapa mtoto anafanya nini?" Nilikuwa nimeandika yote nitakayosema mimi.

Yeye ndiye aliyetuletea solfa. Njia hiyo ilianzia Uingereza kwa mwalimu Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaiendeleza baada ya kuombwa, mwaka 1841, atafute namna rahisi ya kufundisha nyimbo katika shule za Jumapili. Wamisionari wakaileta Afrika, maana haihitaji kinanda wala karatasi ya mistari. Herufi saba, d r m f s l t, pamoja na nukta na nukta pacha za kugawa mapigo, basi. Mwalimu aliandika sauti zote nne ubaoni kwa chaki, na mzee ambaye hakuwahi kugusa kinanda aliimba besi yake bila kuyumba.

Sasa niseme linalonihusu. Simu za kurekodi zilipoingia, ni mimi niliyesimama kikaoni nikasema solfa inatuchelewesha. Kila mtu arekodi sauti yake akajifunzie nyumbani. Wengi wakaniunga mkono. Mwalimu hakubisha. Jumatatu yake, katika ofisi ya walimu, alinimiminia chai kama kawaida, tukaongea habari za mitihani.

Nyimbo tulizijua haraka, kweli. Lakini simu huharibika, hupotea, huuzwa. Mwalimu alipoitwa na Bwana tulitaka kumsindikiza kwa wimbo alioutunga mwenyewe, na hakuna simu hata moja iliyokuwa nao. Mama, mjane wake, ndiye aliyetutolea daftari. Soprano, alto na besi zilikuwa kamili. Ukurasa wa tena, mchwa walikuwa wameula nusu. Siku ile ya mazishi mimi na watena wenzangu tuliimba hadi pale mstari ulipokatika, kisha tukasimama kimya wenzetu wakimaliza.

Tangu hapo, kila Jumamosi saa tisa, tunafundishana solfa upya. Wazee wawili wa besi ndio walimu, nami katibu ni mwanafunzi, tena si wa kwanza darasani. Wimbo wenyewe uko mwisho wa kijitabu hiki, kwa sauti zote nne. Nusu ya tena iliyopotea nimeijaza mimi. Kama yupo anayekumbuka jinsi Mwalimu alivyoiimba, anione baada ya ibada nirekebishe.