Ghairi: Kitufe Kilichowasumbua Mafundi wa Linux

Waliotumia kompyuta za Linux za ukoo wa Red Hat miaka ya 2000 watalikumbuka onyo moja la ajabu. Unapakua programu kwa kutumia zana iitwayo yum, kasi imeshuka, umechoka kusubiri, unabonyeza Ctrl na C uachane nayo. Yum haitoki. Inakuarifu kwamba upakuaji wa sasa umeghairiwa, na kama unataka kutoka kabisa, ubonyeze tena ndani ya sekunde 2. Ukichelewa, inahamia seva nyingine na kuendelea kuvuta faili lilelile. Wengi waliuona ukaidi wa mashine. Kumbe lilikuwa jibu la swali lililokwishawasumbua mafundi kwa miaka: mtu anapokatiza kazi, anataka kukatiza nini hasa?

Hapo zamani hakuna aliyejiuliza. Desturi ya Ctrl na C ilitoka kwenye kompyuta za kampuni ya DEC. Unix ya mwanzo ilitumia kitufe cha DEL. Kwa vyovyote, mfumo uliitumia programu ishara, na programu isiyojiandaa kuipokea ilikufa papo hapo. Kama ilikuwa inachapa orodha ya majina, hakuna hasara. Kama ilikuwa inabadilisha faili za mfumo wenyewe, hilo ni jambo jingine.

Hasara ya kwanza kuonekana ilikuwa ya data: upakuaji uliokatizwa mara nyingi ulianza upya. Kanuni za FTP za mwaka 1985 zilikuwa na amri ya kuanzia mahali palipoishia, lakini haikuwa kila seva iliyoikubali. HTTP ilipata utaratibu rasmi wa kuomba kipande cha faili katika toleo la 1.1, Januari 1997. Kwa Afrika Mashariki haya hayakuwa mambo ya vitabuni. Kabla ya mkongo wa Seacom kuwashwa mwaka 2009, intaneti ya Kenya na Tanzania ilitegemea satelaiti, na ilikuwa ghali na ya kusuasua. Upakuaji uliokatika kwenye asilimia 90 ulikuwa pesa iliyopotea. Wapo walioona heri wasubiri mfumo wa Ubuntu kwa posta, kwenye CD za bure ambazo kampuni ya Canonical ilizituma duniani kote hadi mwaka 2011.

Suluhisho lililodumu kuliko mengine lilitoka Debian, ukoo mwingine wa Linux. Mwaka 1994 Ian Jackson aliandika upya kwa lugha ya C programu ya dpkg, ambayo kazi yake ni kusakinisha kifurushi ulichokwisha kukipata. Kwenda kukileta haikuwa shughuli yake. Shughuli hiyo ilichukuliwa na APT, iliyotoka na Debian 2.1 mwezi Machi 1999, na hapo ndipo mpaka kati ya kuleta na kusakinisha ulipochorwa. Faili linaloshuka hukaa kwanza kwenye folda iitwayo partial, ndani ya /var/cache/apt/archives. Likitimia, alama yake ya uhakiki hulinganishwa na ile iliyo kwenye orodha ya vifurushi. Zikilingana, ndipo linapandishwa folda ya juu. Ukikatiza katikati, hakuna kilichoharibika. Kipande kinabaki palepale, na ukirudi kesho APT inaieleza seva imeshapata baiti ngapi na kuomba zilizobaki, ilimradi faili halijabadilishwa tangu jana.

Ng'ambo ya pili ya mpaka huo, mambo hugeuka. Dpkg inafungua kifurushi, inaweka faili mpya mahali pa za zamani, inaendesha hati za maandalizi. Ukibonyeza Ctrl na C wakati huo, ishara inazifikia programu zote za kundi hilo kwa pamoja. Dpkg ilikuwa ikiipuuza. APT ingekufa na kuiacha dpkg yatima. Waandishi wa APT wakaamua nayo izibe masikio, na sababu wakaieleza ndani ya msimbo wenyewe. Umeme ukikatika, dpkg inajua kutokana na kumbukumbu zake kifurushi kipi kiliachwa nusu, na safari inayofuata inakutaka uendeshe dpkg --configure -a kabla ya lolote lingine.

Yum, iliyokuzwa na Seth Vidal wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, ilikuwa na shida ya aina nyingine. Vifurushi vilevile viko kwenye seva nyingi, na mtu anayebonyeza Ctrl na C huenda amechoshwa na seva moja tu iliyolemaa. Kubonyeza mara moja kukawa kuikimbia seva, mara mbili kuondoka. Ni wazo la akili, ila limekosa adabu: nani anasoma onyo na kuamua ndani ya sekunde 2?

Richard Hughes alipoanzisha PackageKit mwaka 2007, kazi ilikuwa imehamia kwenye madirisha yenye vitufe. Usakinishaji ulifanywa na huduma iliyo nyuma ya pazia, hivyo kufunga dirisha hakukusimamisha kitu. Huduma hiyo ikafundishwa kutangaza, hatua kwa hatua, kama inaweza kughairiwa kwa wakati huo. Ikisema haiwezi, kitufe kinafifia. Wasiovumilia huiua kwa nguvu kisha hufuta faili la kufuli, kwa kufuata ushauri mbovu usiochoka kuzunguka. Kufuli la dpkg huachiwa lenyewe programu ikifa. Ukilifuta ingali hai, unaziruhusu programu mbili kuandika kumbukumbu moja.

Eelco Dolstra, katika tasnifu yake ya Utrecht, Uholanzi, mwaka 2006, alieleza njia ya kuuepuka mpaka wenyewe. Mfumo wake wa Nix huweka toleo jipya kando ya la zamani, na kuhama ni kugeuza kiungo kimoja. Kabla ya hapo, katiza utakavyo, la zamani lipo. Android 7.0 ya mwaka 2016 ilileta wazo la jamii hiyo kwenye simu: sehemu mbili za mfumo, moja inatumika huku nyingine ikiandikwa, na simu ikishindwa kuwaka na mfumo mpya inarudi kwenye wa awali. Gharama yake ni nafasi, maana mfumo unakaa mara mbili kwenye simu ambayo pengine hifadhi yake imeshajaa picha. Android 11 ya mwaka 2020 ilipunguza mzigo huo kwa kuhifadhi, wakati wa kusasisha, yale tu yaliyobadilika.