Vicheko vya Kashasha: binti, kamera na yule tunayemwogopa



Leo hatuna hina wala mapishi. Tumerudi kutoka Bukoba, kwenye harusi ya binti mkubwa wa kaka yetu, na tumerudi na kisa. Kaka alioa huko miaka mingi iliyopita, basi sisi wa visiwani tukapanda boti, tukapanda basi, kisha meli ya usiku kutoka Mwanza, mpaka alfajiri tukaiona milima ya Bukoba ng'ambo ya maji.

Jioni ya pili tulikuwa uani na wifi yetu tukimenya ndizi. Mdogo wa bi harusi, ambaye anasomea filamu chuoni, akaja na simu mkononi. "Shangazi zangu, naomba mnitazamie kazi yangu." Mwalimu wao aliwataka watengeneze ufunguzi wa filamu ya kutisha, dakika mbili tu.

Tukatazama. Usiku, shamba la migomba, upepo. Taa ya bweni inazimika. Msichana amesimama, ametupa mgongo, gauni jeupe, nywele zimemwagika. Anacheka polepole, kisha kwa nguvu. Anageuka, macho meupe. Giza. Jina la filamu kwa herufi nyekundu. Mmoja wetu alishajifunika uso kwa mtandio zamani.

"Ni kisa cha kweli," akasema binti. "Ni Kashasha."

Bibi yake mzaa mama alikuwa pembeni, kimya muda wote. Akauliza neno moja tu: "Hawa watoto hawana mama?"

Hakuna aliyejibu. Swali hilo ndilo lililotufanya tukitafute kisa chenyewe.

Kilichotokea Kashasha

Kashasha ni kijiji cha wilaya ya Muleba, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka mjini Bukoba. Mwaka 1962 palikuwa na skuli ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na wamisionari. Tarehe 30 Januari, siku 52 tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu walianza kucheka na wakashindwa kunyamaza. Kicheko kikahamia kwa wenzao. Kufikia katikati ya Machi, kati ya wanafunzi 159, waliokumbwa walikuwa 95. Tarehe 18 Machi skuli ikafungwa.

Watoto wakarudishwa makwao. Siku chache baadaye hali ileile ikaonekana Nshamba, kijiji walikotoka baadhi yao, na katika Aprili na Mei watu 217 wakaipata, wengi wao vijana na watoto. Skuli ya Kashasha ikafunguliwa tena tarehe 21 Mei, wasichana 57 wakashikwa, ikafungwa tena mwezi Juni. Mwezi huohuo skuli nyingine ya wasichana, pembezoni mwa mji wa Bukoba, ilipata wagonjwa 48. Wahaya waliita endwara y'okusheka, yaani ugonjwa wa kucheka.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuandika ripoti iliyotoka mwaka 1963. Walipima, wakatafuta sumu kwenye chakula, wakatafuta kidudu cha maradhi. Hawakupata kitu. Hakuna aliyekufa. Walimu hawakupata. Wakati huo kulikuwa na uvumi kwamba hewa imechafuliwa na majaribio ya mabomu ya atomiki, maana nayo yalikuwa habari za siku zile.

Lakini ndani ya ripoti ile mna jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita. Wasichana wale hawakuwa wanacheka tu. Walicheka na kulia. Hali iliwashika kwa dakika chache au saa kadhaa, ikatulia, ikarudi. Hawakutulia kwa wasiwasi. Walipojaribiwa kushikwa, walipambana. Na baadhi yao walisema wanaogopa, kwamba kuna mtu anawakimbiza.

Someni tena hapo, dada zetu. Binti zetu wale hawakuwa kitu cha kuogopwa. Wao ndio walioogopa.

Mwaka 2007 mtaalamu wa masuala ya ucheshi, Christian Hempelmann, alikirudia kisa hiki kwa sababu vitabu na magazeti ya nje yalikuwa yanakieleza kama kichekesho, kijiji kizima kimekufa kwa kucheka. Akasema furaha haikuwamo. Ulikuwa mfadhaiko unaopita kutoka kwa mtu hadi mtu, hasa mahali ambapo watu wamebanwa na hawana njia ya kusema. Mtoto wa kike, mbali na nyumbani, chini ya masharti magumu, katika nchi inayobadilika kila siku: mwili ukasema kile ambacho mdomo haukuruhusiwa.

Mwanamke wa gauni jeupe alitoka wapi?

Binti yetu hakumbuni yule mwanamke wake. Alimkuta. Filamu za kutisha zina mazoea yake, na ufunguzi ndipo yanapopangwa: usiku, upweke, sauti kabla ya sura, na mara nyingi mwanamke. Ama anawindwa, ama ndiye jinamizi lenyewe.

Katika Halloween ya mwaka 1978, tunaingia nyumbani kwa macho ya muuaji. Tunaona anachokiona yeye, na anayeuawa ni dada yake mwenyewe. Ndipo kinyago kinavuliwa na tunamkuta mtoto wa miaka sita. Mbinu ile iliigwa mpaka ikachakaa: kamera inasimama upande wa anayewinda, na mtazamaji anatembea naye bila kuulizwa kama anataka.

Kwetu nako tunao. Miaka ya 2000, filamu za video ziliposhamiri Dar es Salaam, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka, kisha Shumileta, ya jini mwanamke aliyempenda mwanadamu. Tuliokuwa wasichana wakati ule tunakumbuka jinsi kanda hizo zilivyokodishwa na kuzungushwa nyumba kwa nyumba. Zilitutisha kwa sababu zilitumia hofu zetu wenyewe, si mizimu ya Ulaya. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini hata humo, mrembo asiyejulikana kwao ndiye wa kuogopwa, na bi harusi mwema ndiye wa kuonewa huruma. Hakuna mwanamke wa tatu.

Mazoea si dhambi. Yanafanya kazi, ndiyo maana yanarudiwa. Ila yanaweza kugeuzwa. Get Out ya mwaka 2017 inafungua kwa kijana mweusi anayetembea usiku katika mtaa wa matajiri, mtaa ambao filamu nyingine zingeuonyesha kuwa salama. Giza ni lilelile, ukimya uleule, lakini anayeogopa amebadilika, na mtazamaji analazimika kuufikiria upya ule mtaa. Na Under the Shadow ya mwaka 2016 inamweka mama na bintiye Tehran wakati wa vita vya Iran na Iraq. Jini yumo, lakini makombora nayo yamo, na mama hajui aogope kipi kwanza.

Sisi wa visiwani tunaujua uchungu huu

Wala tusijifanye kwamba ya Kashasha ni ya bara tu. Mwaka 1995 popobawa alipotikisa Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, wakikesha kwa moto na dua. Walioandika kutoka mbali walicheka. Tuliokuwa watoto tulikumbuka kitu kingine: mama zetu wasiolala. Ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe, na hofu zilikuwa nyingi majumbani. Mgeni aliandika habari ya popo mwenye bawa. Hakuandika habari ya mama aliyekaa mlangoni mpaka alfajiri.

Ndiyo maana swali la bibi wa Bukoba lilitugusa.

Tunaamini majini wapo. Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao. Lakini kuamini kwamba wapo si ruhusa ya kumnyooshea kidole kila binti anayelia na kusema, huyu amepandwa. Surat Al-Hujuraat inatukataza dhana nyingi mbovu na kusengenyana, na hakuna dhana inayomganda msichana kama hiyo. Akishaitwa mwenye shetani, hata akipona, mtaa haumsahaulishi.

Dakika mbili za pili

Binti alikaa na swali la bibi siku mbili, katikati ya shughuli za harusi. Siku ya tatu akatuonyesha alichopiga upya.

Sasa ni mchana. Jua, nguo za skuli zimeanikwa kwenye kamba. Tunasikia kicheko lakini hatumwoni anayecheka. Kamera iko kwa rafiki yake, inamtazama usoni. Mwanzo rafiki anatabasamu, kama mtu anayesubiri kuambiwa kichekesho. Kicheko hakikomi. Tabasamu linafifia. Kisha kicheko kinavunjika kuwa kilio, na rafiki anaweka mkono mdomoni, kwa sababu sauti inataka kutoka na kwake. Kimya. Halafu barabara ya vumbi, na mwanamke mmoja aliyejifunga kanga anatembea haraka kuelekea skuli. Maandishi madogo meupe: 30 Januari 1962. Basi.

Tuliogopa kuliko mara ya kwanza. Sauti kabla ya sura ameibakisha, ukimya ameubakisha. Ameondoa giza, ameondoa gauni jeupe, na kamera ameihamisha upande wa mtoto. Yule mama wa barabarani amembuni mwenyewe, na ameahidi kuandika mwishoni kwamba amembuni, ili kisa cha kweli kisichanganywe na cha kutunga.

Bibi alitazama mara mbili. Akasema, "Huyo mama amechelewa, lakini amekuja." Akarudi kwenye ndizi zake.

Neno kwa bi harusi wetu

Mtatuuliza, haya yananihusu nini mimi ninayetafuta rangi ya shela?

Yanakuhusu. Usiku wa kuamkia harusi, bi harusi wetu wa Bukoba alianza kucheka chumbani. Tulidhani ni furaha. Kicheko kikageuka, akalia, mikono ikatetemeka. Mama mmoja mlangoni akaanza kunong'ona kuhusu majini ya ziwani. Mdogo wake, yule wa filamu, akawahi kuufunga mlango. Akakaa kitandani, akamuuliza dada yake maswali matatu: umekula? Umelala? Unaogopa nini?

Hakuwa amekula tangu asubuhi. Hakuwa amelala siku mbili. Na aliogopa kuhamia mji asiomjua mtu. Tukamletea chai na mkate, tukamsomea Ayatul Kursiy, akalala mikononi mwa mama yake. Kesho yake alitoka ameng'ara, mashaallah.

Kwa hiyo dada yetu, siku yako ikikujia na kicheko usichokielewa au machozi yasiyo na jina, usione haya. Na wewe uliyesimama mlangoni, kabla hujasema ana kitu, ingia ndani uulize yale maswali matatu. Akiendelea kuhangaika, dua ipo na hospitali ipo, na moja haimfukuzi mwenzake.

Allah awahifadhi mabinti zetu wa bweni, na wa chumba cha harusi, na mama zao walio njiani.

Wassalaam, dada zenu.